Shajara ya Makundi Manne: mafumbo ya maneno kutoka Dodoma

Jumamosi, mwanzoni mwa Februari

Kazi yenyewe ni hii: pakiti ya mafumbo ya maneno kwa Kiswahili, yamechapwa kwenye kadi ngumu, yanachezwa mezani bila simu wala bando. Kila fumbo lina maneno 16. Mchezaji anayapanga katika makundi manne, kila kundi maneno manne. Makundi matatu yana maana ya wazi, kama samaki, vyombo au sehemu za mwili. La nne lina kanuni iliyofichwa: haliangalii neno lina maana gani, linaangalia limeundwaje. Nimeuita mchezo Makundi Manne. Walengwa ni wanafunzi wa klabu ya Kiswahili hapa mtaani, upande wa Nkuhungu, ila nataka hata mtu mzima aliyekaa kijiweni akiichukua kadi asiione ya kitoto.

Aina hii ya fumbo ina wenyewe. BBC wana kipindi cha chemshabongo kilichoanza 2008 ambamo washindani hupewa ukuta wa vidokezo 16, na New York Times walianza 2023 kutoa mchezo wa namna hiyo kila siku, mchezaji akiruhusiwa kukosea mara nne. Huo wa pili nimeucheza sana. Raha yake ni kwamba neno moja linafaa makundi mawili, matatu, na pa kulikalisha ni mahali pamoja tu.

Kutafsiri mafumbo yao hakufai, na pakitini hapataingia hata moja la kutafsiri. Baadhi yanaegemea maneno yanayotamkwa sawa lakini yakaandikwa tofauti. Sisi tunaandika tunavyotamka, kwa hiyo njia hiyo haipo. Zipo nyingine. Tuna maneno ya sura moja na maana lukuki: paa wa porini, paa la nyumba, kupaa angani, kupaa samaki. Tuna ngeli. Na silabi zetu zinakatika waziwazi, karibu zote zinaishia kwenye irabu, hata mtoto wa darasa la kwanza anazipigia makofi bila kukosea. Fumbo la Kiswahili lijengwe kwa hayo.

Jumanne usiku

Nimeanza na kinyume, mtindo wa zamani wa watu wa pwani. Unachukua silabi ya mwisho ya neno, unaitanguliza mbele; kitabu kinakuwa bukita, na asiyeujua mtindo anabaki anakutazama. Maneno ya silabi mbili ndiyo yanayonoga, kwa sababu mara nyingi likigeuzwa linatoka neno jingine kamili. Lima inatoa mali. Chapa inatoa pacha. Tisha inatoa shati. Kata inatoa taka. Nimejaza ukurasa mzima wa daftari nikisubiri daladala.

Lakini kugeuzika peke yake hakutoshi kuwa kundi. Maneno yanayogeuzika ni mengi mno. Mchezaji akiliona la tano mezani, fumbo lina majibu mawili, na fumbo lenye majibu mawili ni la kutupa. Kanuni iliyofichwa inahitaji mpaka unaoonekana mara tu ukiugundua. Nikatafuta kinyume kinachoangukia kwenye jamii moja ya maneno. Siku za wiki hazikutoa kitu. Rangi nazo hazikutoa kitu. Nikaingia kwenye namba.

Tatu inatoa tuta. Tano inatoa nota. Sita inatoa tasi. Nane inatoa nena.

Nikaendelea hadi mwisho kuhakikisha. Moja inatoa jamo, mbili limbi, saba basa, tisa sati, kumi miku. Hakuna neno la kawaida humo. Nne yenyewe haigeuziki. Basi tangu moja hadi kumi zinabaki namba nne zinazozaa neno, na kundi linataka nne, si tatu wala tano. Lugha imelipanga yenyewe. Sikulala mapema.

Alhamisi

Leo nimelijenga. Uzuri wa maneno haya ni kwamba kila moja lina umati wa kujifichia. TUTA ni la barabarani, na yeyote aliyesafiri kwa basi kwenda Dar es Salaam anayajua matuta. TASI ni samaki. NENA ni kusema. NOTA ni ya muziki, lakini hiyo sikuitafutia wenzake, kwa makusudi. Meza imekaa hivi:

SATO – TAMKA – LAMI – NENA
DARAJA – TASI – ONGEA – SANGARA
NOTA – KAMBALE – SEMA – MTARO
TUTA – HUTUBIA – MGEBUKA – KIVUKO

Hesabu kidogo, kwa sababu ndiyo inayonionyesha fumbo ni gumu kiasi gani. Maneno 16 yanaweza kugawanywa katika makundi manne ya manne kwa njia 2,627,625. Hakuna anayejaribu zote. Mchezaji akishaona kuna samaki, kuna kusema na kuna barabara, anakuta kila kundi lina watano badala ya wanne: SATO, SANGARA, KAMBALE, MGEBUKA na TASI, SEMA, TAMKA, ONGEA, HUTUBIA na NENA, LAMI, DARAJA, MTARO, KIVUKO na TUTA. Linabaki neno moja lisilo na kwao, NOTA. Lazima atoe mmoja kwenye kila kundi aende kukaa na NOTA. Tano mara tano mara tano: njia 125 tu. Kutoka milioni mbili na ushee hadi 125, na bado hajaigusa kanuni.

Ndiyo maana wanafunzi nitawafundisha kuhesabu kwanza. Mtu akiona samaki wanne anawakimbilia, anawafungia, halafu anashangaa mbona mengine hayakai. Asifunge kundi lolote kabla hajajua kila kundi lina wagombea wangapi, na asiache kuuliza ni neno gani halina kwao. Neno yatima halidanganyi. Limewekwa mezani kwa kazi ya kanuni iliyofichwa na si kingine. Ukiligeuza, ukalikata, ukaliongezea herufi, mapema au baadaye litasema. NOTA, tano. Hapo mtu anarudi kwenye samaki akiwa anajua anachokitafuta.

Nimelinda pia upande wa pili. Samaki wale wanne ni wa maji baridi, wa maziwa na mito; tasi ni wa baharini. Hata asiyeijua kanuni anaweza kubishana kwa haki kwamba TASI si mwenzao.

Jumapili jioni

Siku ya kujaribu. Nimekwenda kwa shangazi, Area C, nikiwa na kadi zangu za karatasi za kukatwa kwa mkasi.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba mwanangu. Hivyo ni vitu gani tena?"

Shangazi amezaliwa Tanga. Akazitandaza kadi kwenye kitambaa cha meza, akavaa miwani, akawakusanya samaki kwa kidole kimoja. Alipomfikia TASI akasimama. "Huyu ana miba mgongoni, akikuchoma utalia. Hana undugu na sato." Akamtoa, akamweka kando pamoja na NOTA. Kisha akakaa kimya, midomo inacheza, nikaona anazitamka kinyumenyume. "Tano. Sita." Akaangua kicheko. "Mwanangu, sisi utotoni tulikuwa tunasema hivi mbele ya wakubwa wasituelewe!" TUTA na NENA alizichomoa papo hapo.

Kijiweni mambo yalikwenda kwa njia nyingine kabisa. Bodaboda mmoja, kijana wa Bahi, hajawahi kumsikia tasi. Kwake samaki walikuwa wanne tangu mwanzo, na mayatima wawili, NOTA na TASI. Aliyaweka sambamba, akayasoma kwa sauti mara kadhaa, mwenzake aliyekuwa anasubiri abiria akadakia: "Sita hiyo!"

Hili limenifundisha jambo ambalo sasa nimeliandika ukurasa wa kwanza wa daftari. Neno la mtego mchezaji asipolijua, halimdhuru. Linageuka kuwa yatima na kumsaidia. Lakini neno la kundi la wazi asipolijua, amenyimwa haki, kwa sababu hakuna namna ya kulifikia kwa akili peke yake. Shangazi aliingia kwa kuijua bahari, kijana wa Bahi akaingia kwa kutoijua, na wote wamefika. Aliyewasumbua wote wawili ni MGEBUKA, ambaye kwao ni Ziwa Tanganyika. Anatoka. Anaingia PEREGE, ambaye Dodoma nzima inamla kutoka bwawa la Mtera.

Jumatano, baada ya klabu

Wanafunzi wa kidato cha pili. Wengi walifuata njia ya kijana wa bodaboda. Binti mmoja, mkimya, aliigundua kinyume kabla ya makundi mengine yote, na hapo ndipo alipokwama, kwa sababu aligeuza kila kadi iliyokuwa mbele yake. LAMI inatoa MILA. SATO inatoa TOSA. Alikuwa na maneno sita mkononi. Wenzake walishamaliza, yeye bado anayaandika upande kwa upande kwenye karatasi: mila, tosa, tatu, tano, sita, nane. Nilitaka sana kumsaidia, nikajizuia. Alipoliona, alikata mstari mmoja mnene juu ya mila na tosa, akaniletea karatasi bila kusema neno.

LAMI na SATO zinabaki. Nilifikiria kuzibadilisha ili meza iwe safi, lakini yule binti ameshika kanuni kwa undani kuliko wote waliobahatisha kwa haraka. Wengine walisema "yanageuzwa". Yeye alisema yakigeuzwa yanatoa namba.

Jumamosi

Meza ya mkoa wetu, kwa kifupi kwa sababu imekuja yenyewe. Kundi lililofichwa: KONDOA, TEMBE, BATI, PUNDE. Badili irabu ya mwisho upate kondoo, tembo, bata, punda. KONDOA inajificha kwenye wilaya za Dodoma: BAHI, KONGWA, CHEMBA, MPWAPWA. BATI inajificha kwenye vitu vya kuezekea: MAKUTI, VIGAE, NYASI, UDONGO. PUNDE inajificha kwenye wakati: SASA, BAADAYE, HALAFU, KISHA. TEMBE ndilo yatima kwa mtu wa nje. Kwa Mgogo, tembe ni nyumba, ile ya jadi yenye paa bapa la udongo, kwa hiyo atalivuta kwa wanaoezeka na kupata sita. Kwa maneno mengine fumbo hili ni gumu zaidi kwa wenyeji kuliko kwa wageni. Nimelipenda hivyo hivyo, na kadi yake itachapwa.

Jumatatu hadi Jumatano

Siku hizi zote nimezimalizia kwenye meza moja, na naiona ndiyo bora ya pakiti. Maneno yote 16 yanaanza na KI.

KIGOGO – KISU – KIPOFU – KIFUA
KIJIKO – KIRANGI – KICHWA – KIFARU
KIJANA – KIUNO – KISANDAWE – KIKOMBE
KISIGINO – KIBAO – KIONGOZI – KINYATURU

Vya jikoni ni KISU, KIJIKO, KIKOMBE na KIBAO. Vya mwilini ni KICHWA, KIFUA, KIUNO na KISIGINO. Lugha za kanda ya kati ni KIGOGO, KIRANGI, KISANDAWE na KINYATURU. Zimekaa jirani hapa, lakini hazifanani: Kigogo, Kirangi na Kinyaturu ni za Kibantu, Kisandawe si ya Kibantu na ina sauti za vidoko.

Wanaobaki ni KIPOFU, KIFARU, KIJANA na KIONGOZI. Kanuni yao ni ya sarufi. Wamevaa KI kama kiti na kisu, wingi wao ni vipofu, vifaru, vijana, viongozi, lakini ukitunga sentensi wanakataa: kisu kimeanguka, kijana ameanguka. Mzungumzaji wa Kiswahili hajawahi kukosea hapo maisha yake yote, na hajawahi kuhitaji kuelezwa.

Mtego ni KIGOGO. Hapa mjini neno hilo lina kazi tatu. Ni lugha ya wenyeji. Ni gogo dogo. Na ni mkubwa wa serikali, mtu wa kupishwa barabarani, ambaye naye "amefika", si "kimefika". Kwa hiyo KIGOGO anaweza kukaa kabisa na KIONGOZI. Kinachomrudisha ni hesabu: lugha bila yeye ni tatu tu. Na KIFARU ana mtego wake mdogo, maana kifaru wa porini anapita lakini kifaru cha jeshi kinapita.

Nimeijaribu klabuni na matokeo yamenifanya nibadilishe sharti. Nilikuwa nimepanga kwamba hakuna kundi linalokubaliwa mpaka mchezaji ataje kanuni yake. Wanafunzi walipanga wale wanne sawasawa, wakawasukuma pembeni, lakini nilipouliza kwa nini, mmoja akasema "wana uhai". Mwenzake akamkatalia: basi mbona kichwa na kifua havimo, navyo ni vya mtu aliye hai? Wa tatu akajaribu kwa mdomo, polepole, "kichwa kinauma, kijana a-na-umwa," akasimama katikati ya sentensi. Darasa likalipuka. Wamesoma ngeli kwa majedwali tangu shule ya msingi, na sijawahi kuona watoto wakigombania upatanisho wa kisarufi hivyo, wamesimama juu ya viti, kila mmoja na sentensi yake.

Sharti jipya: panga kwanza, kanuni itajwe baadaye, na kundi zima linaruhusiwa kusaidiana kuitafuta. Sikio linatangulia, maelezo yanafuata. Kwa fumbo la namba ni kinyume chake, kanuni ikionekana ndiyo kadi zinapangika. Pakiti itakuwa na aina zote mbili.

Ijumaa

Mambo ya uchapaji, haraka. Dada wa stationery amenishauri nipeleke kazi mwezi Machi, kwa sababu Bunge la bajeti likianza Aprili mashine zake zinakuwa na foleni ya makabrasha. Maandishi yatakuwa makubwa, meusi, herufi kubwa zote, ili mwanzo wa jina la mahali usijulikane kwa ukubwa wa herufi. Bila hivyo KONDOA ingejitangaza yenyewe. Majibu yanakaa karatasi ya peke yake. Nyuma ya kadi hakuna kitu, wasije wakachungulia.

Nimekataa pendekezo la kuweka kiwango cha ugumu kwenye kila kadi. Shangazi na kijana wa Bahi wamenionyesha kwamba ugumu unategemea mtu amelelewa wapi.

Jumapili

Meza ninayoifanyia kazi sasa. Haihusiani na kinyume, wala na kubadili irabu, wala na ngeli ya KI. Nimeichanganya kama itakavyokuwa kwenye kadi:

KUNI – KITONGOJI – MTAA – DAFU
MPAKA – TUI – MARANDA – TARAFA
KIFUU – GESI – WILAYA – MKAA
KIJIJI – MBATA – UMEME – CHICHA

MARANDA nimeyaweka kwa sababu jiko la maranda bado linawaka kwenye nyumba nyingi, na kwa sababu ya pili ambayo atakayefika karibu na jibu ataiona. Kundi lililofichwa limekamilika na sina wasiwasi nalo. Hata neno lake gumu zaidi likiwa geni kwa mtu, litamsaidia. Wasiwasi uko kwa CHICHA. Ni la kundi la wazi, na huku kwetu nazi inafika ikiwa imesafiri, wengi wanaikuna na kuikamua bila kujua kwamba makapi yanayobaki yana jina. Kesho naipeleka kijiweni. Yule kijana wa Bahi asipoijua, inatoka.